Nyumba Isiyo na Kamba

Kwa Simeon hakukuwa na kamba. Nguo zilianikwa juu ya waya, na mikungu ya ndizi ilifungwa kwa vipande vya mpira vilivyokatwa kutoka tyubu kuukuu za baiskeli. Mbuzi hakufugwa. Wanunuzi wa soko la Sindo, Wajaluo wa kando ya ziwa, walikuwa wamezoea, wakasema Wakisii wana mambo yao. Hata watoto wa nyumba hiyo walikua wakiamini kwamba kamba hukatika na mpira haukatiki, kwa kuwa ndivyo baba yao alivyowaambia.

Alhamisi asubuhi Phelesia, jirani aliyeanika omena, dagaa wa ziwani, upande wa pili wa ua, alikuja mbio, kanga imemlegea kiunoni.

"Min Arasa, niazime kamba! Mbuzi wa shemeji amekata ile yangu, sasa anakula omena kama paka."

"Kamba sina, Phelesia. Chukua mpira."

"Mpira! Huyo mbuzi atauvuta mpaka Mbita." Phelesia akapiga makofi. "Mwaka wa kumi na moja tunaishi ua mmoja, na hamjanunua kamba. Mnafunga nini nyinyi watu? Midomo tu?"

Bitutu, mke wa Simeon na mama yake Arasa, alicheka kwa adabu. Phelesia akachungulia mlangoni, akapunguza sauti.

"Na kijana bado analala?"

"Ana malaria."

"Malaria gani ya wiki tatu, nyar Kisii? Hata mbu angekuwa amechoka."

Arasa, mwana wa Bitutu mwenye miaka ishirini na miwili, alikuwa amerudi kutoka machimbo ya Macalder, alikokuwa akisaga mawe ya dhahabu. Alishuka na begi moja, akasema kichwa chake kimejaa moshi, akalala akielekea ukutani. Alikuwa bado yuko hapo. Chakula alikionja kama mtu anayemfanyia mpishi hisani. Walimpima damu mara mbili na malaria haikuonekana, lakini Simeon alinunua dawa ya malaria hata hivyo. Arasa alimeza dozi ya kwanza, ya pili, na ya tatu.

Simeon mwenyewe alikuwa na malaria ya namna hiyo. Karibu kila mwaka mvua za masika zilipoanza, aliacha kuongea na kugeukia ukuta wiki mbili au tatu, na Bitutu akabeba kibanda cha ndizi peke yake. Katika ndoa ya miaka ishirini na minne alikuwa amehesabu malaria kumi na tisa zisizokuwa na homa.

Jana yake, Trizah, mhudumu wa afya ya jamii, alikuwa amekuja akaketi na Arasa nusu saa. Alipotoka hakuwa na ucheshi wake wa kawaida.

"Mama, ameniambia kuna siku anaona afadhali asiwepo. Usimwache peke yake, hata kidogo. Na Jumatano ijayo muende Homa Bay, kliniki ya afya ya akili. Nimeandika hapa."

Bitutu aliisoma karatasi hiyo mwenyewe, herufi kwa herufi, kisha akampelekea mwanawe.

"Tata akisema niende, nitaenda," Arasa aliuambia ukuta. "Asiposema, siendi. Sitaki kuwa yule mtu aliyeaibisha nyumba ya mzee wa kanisa."

Kwa hiyo neno moja tu lilihitajika, na lilikuwa kinywani mwa Simeon, baba yake.

"Huko wanapeleka wendawazimu," Simeon alisema.

"Wanapeleka wagonjwa, Baba Arasa."

"Nimefunga siku tatu kwa ajili yake. Unataka Mungu anione nina haraka?"

"Na mimi nimefunga. Nimeomba mpaka magoti yamekuwa kama ya ngamia. Mungu amemtuma Trizah na karatasi. Unataka amtume nani sasa, Gabrieli?"

Simeon aliikunja karatasi mara nne, akaiingiza ndani ya lesoni yake ya Shule ya Sabato, akafunga kitabu.

*

Jumatatu hadi Alhamisi, saa kumi na moja jioni, Bitutu alikwenda darasa la watu wazima kwenye shule ya msingi. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Alianza kwa sababu alichoka kushika Biblia kanisani kama mtu aliyebebeshwa mzigo wa mwingine. Watoto walimwita "Gumbaru" barabarani, jina la dhihaka la kisomo cha watu wazima. Simeon naye aliwahi kumwuliza mbele ya wageni, "Umeolewa na mtu anayejua kusoma. Unatafuta nini huko?" Wageni walicheka, naye akawaongezea chai.

Jioni ya Alhamisi hiyo Phelesia aliketi na Arasa, na Bitutu akaenda. Siku ya kufunga muhula ilikuwa Jumapili, na Mwalimu Nashon alikuwa amempa kila mwanafunzi jukumu lake. Bitutu alipewa masimulizi.

"Msimulizi ni mmoja," Mwalimu alikuwa amemweleza. "Hakuna kikundi, hakuna ngoma, hakuna karatasi. Unasimama wewe na hadithi yako. Simulia jambo unalolijua."

Alikuwa ameandaa hadithi ya safari yake ya kwanza kuleta ndizi Sindo, iliyokuwa na mahali pa kuchekesha. Lakini aliposimama kuijaribu, ndizi zilikataa kutoka. Yalitoka mengine, aliyoambiwa na mama mkwe wake Nyasuguta mara moja tu, wakipukuchua mahindi, miaka mingi kabla kikongwe huyo hajafariki. Nyasuguta aliyasema kwa sentensi tano, kisha akamwomba maji.

Bitutu alipomaliza, mama mmoja alikuwa anafuta macho kwa daftari. Mwalimu Nashon alivua miwani.

"Hii ndiyo utasimulia Jumapili?"

"Hii."

"Mzee amekubali?"

"Hajui."

Mwalimu alifuta miwani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Siwezi kukukataza, Mama Bitutu. Lakini mimi ni mwalimu tu. Ukifika nyumbani sitakuwepo."

*

Siku ya Sabato Simeon alisimama mbele ya kanisa kusoma orodha ya wagonjwa. Alimtaja mjane aliyevunjika nyonga. Alimtaja mtoto wa shemasi. Bitutu aliinama, akangoja jina la mwanawe kama mtu anayengoja kuitwa mahakamani. Simeon aliikunja orodha, akasema, "Na wote wanaougua malaria, Bwana awakumbuke."

"Amina," kanisa likaitikia.

Bitutu hakuitikia. Alimwambia Mungu kimyakimya kwamba, kama anakosea, amzibe kinywa kabla ya kesho saa nane. Mpaka wanafika nyumbani kinywa hakikuwa kimezibwa, akaona amejibiwa.

"Kesho nitasimulia habari za nyumba hii," alisema, akimvulia mumewe koti.

"Nyumba ya nani?"

"Ya baba yako."

Simeon aligeuka taratibu. "Nani alikuambia?"

"Mama yako."

"Ukisimama ukataja jina la baba yangu mbele ya watu wa Sindo, usinipikie tena."

"Jina sitalitaja. Jina ni lako kutaja. Lakini Arasa amelala pale kama wewe unavyolala. Na sijui kama wewe hulali kama baba yako alivyolala. Mimi nimechoka kununua dawa ya malaria, Baba Arasa. Sema neno moja tu aende Jumatano, nami nitasimulia ndizi."

Alingoja. Simeon alichukua kofia yake, akatoka kwenda kutembelea wagonjwa wa kanisa.

*

Ukumbi ulijaa Jumapili kwa sababu kulikuwa na soda. Chifu, mgeni wa heshima, alichelewa kwa saa mbili. Mshereheshaji alikuwa Bonface, mwendesha bodaboda mwenye mdomo mkubwa, na kila ilipotajwa habari ya chifu alikata muda wa mtu mmoja. Shairi la watu wanne likawa beti mbili. Zamu ya Bitutu ilipofika, Bonface alimwinamia sikioni.

"Mama Ndizi, dakika tatu. Chifu yuko hapo kwa daraja."

"Mwalimu alisema kumi na tano."

"Mwalimu si mshereheshaji."

Bitutu alipanda jukwaani akiwa amevaa nguo yake ya Sabato. Hakuwa amewahi kusema mbele ya watu zaidi ya kuuza. Aliwatazama mpaka wakanyamaza wenyewe.

"Mnaniuliza kila siku kwa nini nyumba yangu haina kamba," alianza. "Leo nitawaambia."

Watu wa mbele walitabasamu. Walidhani ni kichekesho.

"Kule Ogwedhi kulikuwa na mfanyabiashara wa ng'ombe. Siku ya soko ungemjua kwa mbali kwa sababu ya kamba zake begani. Alikuwa mtu wa mizaha. Akimuuza fahali anamnong'oneza sikioni, 'Huko uendako usitaje bei.'" Hapo aliigiza, akanong'ona, na ukumbi ukacheka. "Mwaka mmoja, mvua zilipoanza, mtu huyo akalala. Mke akasema, amka, soko leo. Akasema kichwa ni kizito. Watu wakasema, malaria. Wakamchemshia majani ya mwarobaini. Akanywa. Akalala. Hakuna aliyemwuliza, ndani yako kuna nini? Hata mke wake hakumwuliza. Aliniambia mwenyewe: sikumwuliza."

Kicheko kilikwisha. Nje jenereta ilikoroma.

"Asubuhi moja hakuwa kitandani. Wakamtuma kifungua mimba wake akamtafute. Mtoto wa miaka tisa. Alimkuta nyuma ya zizi, kwenye mti. Alikuwa amejinyonga kwa kamba ya ng'ombe."

Mtu alisema "Uwi!" nyuma. Bitutu aliinua mkono, akaendelea.

"Kwetu mtu wa namna hiyo haliliwi. Alizikwa bila wimbo, nje ya ua. Jina lake halipewi mtoto. Na mti wenyewe unakatwa, unang'olewa mizizi, unachomwa, usibaki kitu cha kukumbusha. Wazee wakasema anayekata ni kifungua mimba. Wakampa shoka yule mtoto wa miaka tisa. Wakamwambia, kata. Ukimaliza, jambo hili limekwisha. Lakini nawaambia, halikwisha. Lilihamia kwa..."

Muziki ukalipuka kwenye spika. Chifu alikuwa ameingia kwa mlango wa mbele, na Bonface ameruka jukwaani na kushika kipaza sauti.

"Makofi kwa Mama Ndizi! Kumbe ndiyo sababu ya mipira! Mheshimiwa chifu, karibu sana! Tutaomba ofisi yako imnunulie huyu mama kamba moja!"

Watu walicheka. Hawakucheka wote, lakini waliocheka walitosha.

"Sijamaliza," Bitutu alisema. Bila kipaza sauti hata yeye hakujisikia. "Bonface, sijamaliza. Sijafika kwa mwanangu."

"Shuka pole pole mama, ngazi mbovu."

Alikuwa bado hajafika kwa Arasa. Hakuwa amesema neno malaria lilivyorithiwa kama shamba. Hakuwa ametaja Jumatano. Alishuka akishikilia ukuta, na aliponyanyua macho alimwona Simeon amesimama kwenye mlango wa nyuma, kofia mkononi. Kisha mlango ulikuwa mtupu.

*

Alipofika nyumbani Phelesia aliyekuwa zamu alinyanyuka bila utani wowote, akamgusa bega, akatoka. Habari zilikuwa zimetangulia. Simeon alikuwa amekaa mezani. Pazia la chumba cha Arasa lilikuwa limefungwa.

"Umemaliza?" Simeon aliuliza.

"Sikumaliza. Walinikata."

"Nimeona. Umesimama mbele ya chifu ukasema uongo."

Bitutu aliketi. Alikuwa amechoka kiasi cha kutoogopa. "Uongo gani, Baba Arasa? Niambie hata mmoja."

"Shoka!"

"Shoka limefanya nini?"

"Hakuna aliyenipa shoka!" Simeon alipiga meza, vikombe vikaruka. "Shoka lilikuwa limeazimwa na majirani. Nani amekuambia shoka? Nilipewa panga. Panga butu! Na mti ulikuwa mnene hivi." Alizungusha mikono hewani, na mikono ikabaki hapo, imekumbatia kitu. "Nilianza wakati wa umande. Ng'ombe walirudi kutoka malishoni na bado nakata. Baba mdogo Makori ameketi kwenye jiwe, anavuta tumbaku, ananiambia, ukilia unaanza upya. Ngozi ya mikono ilitoka, nikafungiwa majani nikaendelea. Shoka! Na shoka ningemaliza kabla ya jua kali. Kama unasimulia mambo ya watu, mwanamke, simulia sawasawa!"

Hapo ndipo aliposikia anachokisema. Alitazama mikono yake, akaiteremsha.

Pazia lilisogea. Arasa alikuwa amesimama, blanketi mabegani, nywele zimemsimama upande mmoja. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki tatu kusimama bila kuombwa.

"Tata. Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Mama yako amesema tisa. Hiyo ni kweli."

"Na ulilia?"

Simeon alivirudisha vikombe mahali pake, kimoja kimoja.

"Siyo siku hiyo," Simeon alisema mwishowe.

"Lini?"

"Kila mvua zikianza."

Arasa alikaa kwenye kiti cha mbali, kisha akakivuta karibu. "Mimi nilidhani ni mimi tu," alisema. "Nilidhani nimeharibika mwenyewe huko Macalder. Ungeniambia, Tata."

"Ningekuambia nini? Mimi mwenyewe sikuambiwa kitu. Niliambiwa limekwisha."

Hakuna aliyemkumbatia mwingine. Si nyumba ya namna hiyo. Simeon aliifungua lesoni yake, akatoa karatasi ya Trizah, akaikunjua mara nne, akainyoosha mezani kwa kiganja.

"Jumatano tutaenda," alisema. "Mimi nakusindikiza tu." Akamgeukia mkewe kwa ukali wa kujifanya. "Na chakula kiko wapi?"

"Ulisema nisikupikie."

"Nilisema mengi."

*

Jumatano foleni ya kliniki ile katika hospitali ya Homa Bay ilianzia benchi na kuishia juani. Walifika asubuhi mapema wakakuta watu thelathini mbele yao. Arasa aliinuka mara mbili akitaka kurudi Sindo, na mara zote mbili Simeon alimshika mkono wa shati bila kumtazama. Mama mmoja wa kanisa la jirani alipita na dawa za sukari, akawaona.

"Mzee Simeon! Unafanya nini upande huu?"

Bitutu alilisikia neno malaria likipanda kooni mwa mumewe. Akamwona akilimeza.

"Tunaumwa," Simeon alisema.

Saa sita walipewa fomu. Simeon aliichukua mwenyewe kwa kuwa ndiye mwandishi wa familia. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa kuandika kumbukumbu za kanisa. Aliandika jina la mgonjwa, umri, kijiji, simu. Kisha kalamu ikasimama. Bitutu alisogea akasoma mstari ule polepole, kwa kidole: kama kuna mtu wa familia aliyewahi kuugua ugonjwa wa akili au kujiua, mtaje.

Karani aligonga dirisha. "Fomu, fomu! Wengine wanangoja."

"Mzee," alisema mtu wa nyuma yao, "hiyo ni fomu ama Zaburi ya mia na kumi na tisa?"

Watu wa benchi walicheka. Kalamu ya Simeon ilikuwa imeacha vitone vitatu vya wino mahali pa jibu. Akaisukuma fomu kwenye mapaja ya mkewe.

"Andika wewe."

"Mimi wa gumbaru?"

"Andika, Bitutu."

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu mtoto wa kwanza azaliwe. Bitutu alishika kalamu. "Niandike nani?"

Simeon alimtazama mwanawe, aliyepewa jina la mjomba kwa sababu jina la babu, lililokuwa lake, halikuweza kutolewa.

"Maranga," alisema.

Arasa aliinua kichwa. Hakuwa amewahi kulisikia. Alilirudia kwa midomo tu, bila sauti, kama mtu anayejaribu koti la marehemu.

Bitutu aliandika taratibu, kwanza M kubwa kama Mwalimu Nashon alivyomfundisha, kisha herufi nyingine zikaifuata. Mtu wa nyuma alianza kunung'unika tena, lakini yeye hakuharakisha.

"Nimeandika," alisema.

"Chini yake kuna nafasi?"

"Ipo. Ndogo."

Simeon alivua kofia, akaiweka juu ya goti.

"Niandike na mimi."